Picha Iliyokataa Kufanana na Nyingine

Wenzangu wametundika picha za harusi sebuleni. Wengine wametundika picha ya mtoto aliyehitimu, amevaa joho la kuazima na kofia inayomteleza. Mimi, juu ya kochi, mahali ambapo jua la asubuhi hufika, nimetundika picha ya ubongo wangu. Ni karatasi nyeusi ya plastiki, pana kama sinia, yenye kichwa kimoja kilichokatwa vipande vingi vya kijivu. Mgeni huingia, husalimu, huketi, kisha hutazama juu. Mimi namngoja, maana swali najua linakuja.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mimi."

Najivunia picha hiyo na sioni haya kusema. Nakala yake iko hospitalini Machakos mjini, na daktari wa picha huwaonyesha wanafunzi wake. Aliniomba ruhusa kwanza. Amefuta jina langu pembeni ili wasijue kichwa ni cha nani, na kusema kweli mara nyingine natamani angeliacha. Huwauliza huu ni ugonjwa gani, na aliniambia wengi hukosa. Husema kiharusi. Husema uvimbe. Husema maambukizi. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu watu wazima wenye miaka mingi kazini waliyasema hayo hayo mbele ya mume wangu, mama yake akayasikia, na nusura nipoteze mtoto kwa sababu ya maneno hayo.

Wakati huo nilikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River, kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje ya nchi. Kazi ya mkaguzi ni kushika shati lililokwisha kushonwa, kuligeuza nje ndani, kulilinganisha na sampuli iliyotundikwa mbele yako, na kuamua. Mshono ukipinda, rijekti. Kola ikizidi upande mmoja, rijekti. Mafundi walisema nina jicho baya. Nikipita kwenye laini yao walinong'onezana, "Huyo, mama macho amekuja," nami nikawa najifanya sikusikia huku moyo umejaa. Macho ndiyo yaliyonilisha, yakanilipia nyumba, yakanipa heshima. Msichana aliyefiwa na mama akiwa bado shule ya msingi hana vitu vingi vya kuringia, kwa hiyo kile kimoja alichonacho hukishika kwa mikono miwili.

Mume wangu hukata mawe machimboni Lukenya. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi ni ya kukubali. Mama yake yuko Ekalakala, analima mahindi na ndengu, ana ng'ombe wa maziwa ambao huwasemesha kwa upole asiowahi kumpa binadamu. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake kutambulishwa alinikuta nachungulia mshono wa kitambaa chake cha meza. "Wewe utatuchunguza sisi pia kama mashati?" aliniuliza. Nilijibu kwamba mshono ulikuwa umepinda. Tangu hapo tukawa tunaheshimiana kama majirani wawili wenye mbwa wakali.

Nilijifungua binti, salama salimini. Kwenye kadi ya kliniki wakaandika "mtoto wa" kisha jina langu, basi. Kwetu Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mume, na hilo halina mjadala. Siku hizi wengi huliandika jina hospitalini wakaenda zao nyumbani. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa kabisa, lakini alituma neno kwamba jina lake halitatolewa kwa kalamu. Litatolewa kwa mdomo, siku ya tatu, mbuzi akiwa amechinjwa na wanawake wakiwa wameketi. Wazee wa zamani walisema kabla ya siku hiyo mtoto hajawa mtu kamili, ni kama mgeni aliyesimama mlangoni ambaye hajaamua kama atakaa.

Basi siku ya tatu akafika kwetu Athi River na wanawake wenzake, na maziwa, na ndizi, na sauti zao. Nyumba yetu ya vyumba viwili ikafurika. Tangu alfajiri kichwa kilikuwa kinanigonga, nikasema ni uchovu. Vimulimuli vikaanza kucheza pembeni mwa macho, nikasema ni moshi wa nyama. Mwanamke aliyetoka kujifungua ana sababu mia za kuumwa, na kila mtu mle ndani alikuwa na moja ya kunipa. Mmoja alisema damu imepungua, akanitilia mchuzi mwingine.

Mama mkwe akamwinua mtoto. Wanawake wakanyamaza ili jina lisikike. Nilikuwa namtazama usoni, na nikaona nusu ya uso wake imeondoka. Kisha nusu ya pili ikaondoka. Nikauliza, "Mbona mmezima taa?" Ilikuwa mchana, jua limejaa mlangoni.

Yaliyofuata niliambiwa. Niliambiwa nilianguka na mwili ukatetemeka wote. Wanawake walipiga mayowe, mmoja akaleta kijiko anitie mdomoni, na mama mkwe akampokonya kijiko akakitupa nje. Alimweka mtoto mapajani mwa mwenzake, akanilaza ubavu, akaniwekea leso yake chini ya kichwa, akawafokea wote wakae mbali nipate hewa. Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi wake na hapo likabaki. Hakuna aliyelitamka siku hiyo.

Niliamka gizani. Nilisikia magurudumu ya kitanda, nikasikia muuguzi akimwambia mwenzake, "Sasa huyu ameamka," nikajua niko hospitali. Walikuwa wamenileta Machakos mjini. Nikauliza mtoto yuko wapi. "Niko naye hapa," ilisema sauti ya mama mkwe, kavu kama kawaida yake. Wakaniwekea mtoto kifuani, akanyonya, na mimi nikanyoosha macho yangu yote kumtazama na hapakuwa na kitu. Hata weusi wenyewe sikuweza kusema ni weusi.

Halafu nikagundua jambo lililoniogopesha kuliko giza. Nilikuwa nimekaa na mtoto yule siku nzima nzima kabla ya kuanguka, nimemnyonyesha, nimembadilisha, na sikuikumbuka sura yake. Nilitafuta kichwani nikakuta pamefagiliwa. Nilimpapasa kwa vidole, paji, pua, kidevu, jinsi ninavyopapasa mshono gizani umeme ukikatika. Vidole viliniambia hii ni pua, hili ni sikio, lakini havikuweza kuviunganisha vikawa mtu. Nililia sana. Mama mkwe akaniambia ninyamaze, maziwa yatachacha.

Picha ya kwanza ya kichwa walikuwa wameshaipiga. Mume wangu, aliyetoka machimboni na vumbi lake, aliambiwa maelezo yake koridoni huku mama yake amesimama kando na mtoto. Kulikuwa na madoa ubongoni, mahali pengi, hata tone la damu. Huenda ni kiharusi. Huenda ni maambukizi. Upande mmoja ulikuwa umejaa kuliko mwingine, kwa hiyo huenda pia ni uvimbe unaokua, na kama ni uvimbe nipelekwe Nairobi nitobolewe kichwa wachukue kipande wakipime. Watu wa kwetu ukiwapa huenda tatu hubeba ile mbaya zaidi. Mama mkwe aliingia wodini na neno moja tu, uvimbe.

Akaketi kando ya kitanda. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mwana wakwa," alisema, na aliponiita mwanangu kwa Kikamba nilijua kuna jambo. "Huyu mtoto hawezi kukaa hivi bila jina. Hana jina, hana mtu. Wacha tumwite leo, hapa hapa, halafu mimi niende naye Ekalakala. Niko na maziwa, niko na nafasi. Wewe utibiwe ukiwa umetulia."

"Nani amesema mimi sijatulia?"

"Huoni."

"Naskia vizuri sana."

Nilielewa alichosema na alichokiacha. Mtoto akishaitwa jina la bibi, akapelekwa kwa bibi, akalelewa na maziwa ya ng'ombe wa bibi, mimi nikifa hakuna kitakachobadilika hata kidogo. Nafasi yangu ingekuwa imeshazibwa nikiwa bado napumua. Pengine mwanamke mpole angeona busara ndani yake. Mimi nilipandwa na hasira mpaka muuguzi akaja kunipima presha mara ya pili akaguna.

"Hakuna kumwita," nilisema. "Hilo jina ni lake, sijakataa. Lakini mimi siwezi kumpa jina mtu sijui anafanana aje. Nikimwona, mtamwita. Kabla nimwone, hakuna."

"Na usipomwona?"

Nilimkumbatia mtoto nikageukia ukuta, au upande niliodhani ni ukuta. Mume wangu alikuwa miguuni pa kitanda. Nilijua kwa harufu ya mawe. Nilingoja akubaliane na mama yake kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "tungojee."

Neno moja hilo. Mtu asiyemjua hataelewa kwa nini nalikumbuka kuliko maneno yote aliyonitongozea. Mama mkwe alichukua mtoto akatoka naye, na kuanzia hapo akawa analala naye kwa dada mmoja wa kanisa pale mjini na kumleta wodini kila anapotaka kunyonya. Alikuja kila mara, akanikaripia kila mara. Uji umepoa. Nywele zangu zimekuwa matimutimu. Mtoto simshiki kichwa vizuri. Hakutaja jina tena, na mimi sikutaja kumwona.

Walinipiga picha ya pili kwa ile mashine kubwa inayokuingiza kama mkate kwenye tanuri na kugonga kama fundi wa mabati. Baada ya hiyo ndipo alipokuja daktari wa picha. Nataka mtu aelewe jambo hili vizuri, kwa sababu muuguzi mwenyewe alishangaa: madaktari wa picha hawaji wodini. Kazi yao iko kwenye chumba cha giza, picha inawafuata, wanaandika, inaondoka. Huyu alifunga chumba chake akapanda ngazi. Nilisikia kikohozi kwanza, kisha kiti kikivutwa.

"Mimi ndiye nimesoma picha yako," alisema. "Imenisumbua. Nimekuja kuona mwenye kichwa."

"Mimi siwezi kukuona, lakini karibu."

Akacheka. Akaniuliza lini nilijifungua. Presha ilikuwa ngapi siku niliyoanguka. Macho yalianzaje, yalizimika ghafla au yalikatika vipande. Kichwa kiliuma wapi. Alimuuliza na mama mkwe, aliyekuwa amefika na mtoto, na mama mkwe akamweleza kila kitu, mpaka neno langu la taa na kijiko alichokitupa nje. Kisha daktari akakaa kimya, na mimi, mkaguzi wa mashati, nikaujua ukimya ule. Ni ule wa mtu mwenye kitu mkononi ambacho hakifanani na sampuli, na bado moyo unamkataza kukitupa.

"Kuna ugonjwa," alisema, "wenye jina refu sana la Kiingereza, hata mimi nikilitaja naishiwa na pumzi. Presha inapanda haraka, maji yanatoka kwenye mishipa, yanalowesha ubongo. Mtu anaumwa kichwa, anapoteza macho, anaanguka. Kina mama waliojifungua juzi juzi unawapata sana. Lakini kwa kawaida maji hayo yanakaa nyuma." Akanigusa kisogo, pande zote mbili. "Hapa na hapa, sawasawa, kama mtu amepima. Hiyo ndiyo picha iko kwa vitabu vyetu."

"Na yangu?"

"Yako, nyuma kuna kidogo tu, ukiwa na haraka unaipita. Maji mengi yako mbele. Mengine katikati, mengine yamefika karibu na shina la ubongo. Kulia kumezidi kushoto. Halafu kuna tone la damu."

"Kwa hiyo mimi ni rijekti."

Ilibidi mume wangu amweleze maana ya neno lile kiwandani. Daktari alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Hapana. Picha yako haifanani na ya kitabu. Wewe mwenyewe unafanana kabisa. Ningekaa huko chini na picha peke yake ningesema ni kitu kingine, na hata sasa siwezi kuapa. Lakini kabla hatujatoboa mtu kichwa, tumshushe presha pole pole, tumzuie kuanguka tena, tungoje kidogo, tupige picha nyingine. Kama ni uvimbe, utakuwa bado uko hapo hapo. Kama ni maji, yatakuwa yamepungua."

Mama mkwe akaingilia. "Daktari, maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya huzoleka, mama. Mara nyingi."

"Na macho?"

Hapo hakukimbilia kujibu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema wengi huona tena. Alisema kichwa kama changu, chenye damu na chenye maji karibu na shina, hawezi kukiahidi kitu. Alisema pia kwamba maji ya uti wa mgongo waliyonitoa kwa sindano wayapime yalikuwa safi, kwa hiyo maambukizi amekwisha kuyaweka kando. Kisha akasimama, akaniaga, na nikasikia kikohozi chake kikiteremka ngazi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na yangu yaliumia. Niliwekewa dawa za mishipani, nikapimwa presha mpaka mkono ukaota alama. Kitandani jirani alilazwa mwanamke kutoka Yatta, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye mdomo usiofunga, na yeye ndiye aliyekuwa redio yangu. Alinieleza mawingu, nguo za wauguzi, nani ameletewa chapati na nani ameletewa maneno. Nilimuuliza mtoto wangu anafanana na nani. Akaniambia, "Mtoto ni mtoto, mama. Wote wanafanana na kiazi." Nilimchukia siku nzima.

Mwanga ulianza kurudi asubuhi moja, nami sikumwambia mtu. Upande wa dirisha palikuwa na weupe, kama maziwa yaliyomwagwa ukutani. Nilifumba macho, nikafumbua, ukawa bado upo. Niliogopa nikiutaja utaondoka. Baadaye nikaona mistari ya blanketi, na kwa vile mazoea hayana dawa nikaona kwamba mmoja wao haukunyooka. Nikaona mkono wangu, nikauhesabu vidole kama mjinga. Lakini nyuso hazikuja. Mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa na mabega na juu ya mabega palikuwa na ukungu. Mtoto akawa leso yenye ukungu ndani yake.

Walinirudisha kwenye ile mashine. Siku hiyo nilijua mtoto wangu amewekwa rehani pamoja na kichwa changu, na nilipokuwa ndani ya ule mgongano wa mabati nilisali kwa sauti, kwa Kikamba, nikijua hakuna atakayenisikia. Sikuomba uzima. Niliomba uso mmoja tu, nikamwambia Ngai kama ni lazima achague, achukue mashati yote ya dunia.

Daktari alipanda tena ngazi. Alikuwa anatembea haraka, na kabla hajafika kitandani alianza kusema.

"Yanapungua! Mbele yamepungua, katikati yamepungua, kule karibu na shina karibu yameisha. Uvimbe haupungui hivi. Lile tone la damu litaacha alama ndogo, basi. Hakuna kutoboa mtu."

Mume wangu alikaa chini sakafuni. Nilimsikia akikaa, mtu mzima na mwili wake wa mawe, puu. Mfanyabiashara wa vitunguu akapiga vigelegele akaambiwa na wauguzi anyamaze, asinyamaze. Na mimi, badala ya kushukuru, nilijisikia kujivuna mpaka nikaona haya kidogo. Kichwa changu kilikuwa kimewashinda. Hakikufuata sampuli ya mtu, kilikuwa na njia yake ya kuugua na njia yake ya kupona, na ilibidi mtu aliyesoma kwa miaka apande ngazi kuja kukifahamu. Nilimwambia daktari naitaka hiyo picha. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya ukutani.

Mama mkwe hakuwepo wakati huo, alikuwa ameenda kumwogesha mtoto. Mume wangu alimpigia simu, na alisema tu, "Sawa," akakata.

Asubuhi iliyofuata nilipofumbua macho nikauona uso wa muuguzi. Haukuja kwa mbwembwe yoyote. Ulikuwepo tu, uso mpana wenye chunusi moja kidevuni, unanipa dawa. Nilitazama kitanda cha pili nikamwona mama wa vitunguu, mdogo kuliko sauti yake, amelala mdomo wazi. Nikaketi. Nikafuta macho kwa shuka. Nikangoja mlango.

Walikuja wakati wa kunyonyesha. Niliona leso ya bluu inaingia, nikasema, "Nipe," nikampokea mtoto kabla mama mkwe hajaketi.

Niliinamisha uso nikamtazama. Nilimtazama kama ambavyo sijawahi kutazama kitu chochote kile kiwandani wala nje. Paji pana. Masikio yaliyosimama mbali na kichwa, kama yanasikiliza chumba cha pili. Nyusi zimekunjwa, anakasirikia mwanga. Kidevu kimesukumwa mbele, cha mtu ambaye hajaombwa ushauri na ataupeana tu. Nilianza kucheka. Hakuna sehemu yangu hata moja. Yote ilikuwa imetoka Ekalakala.

Nikainua macho nimlinganishe na mwenyewe.

"Usimshike hivyo, kichwa kinaning'inia," mama mkwe alikuwa anasema. "Na hii uji mbona haijaguswa? Wewe unataka maziwa yatoke wapi?"

Sauti ilikuwa ile ile, kavu, isiyotikisika. Chini ya sauti hiyo uso wake wote ulikuwa umelowa. Machozi yalimtoka bila kwikwi, bila kusimama, yakafuata makunyanzi mpaka kidevuni, yakadondoka kwenye leso, na hakuyafuta, kwa vile hakuwa na sababu ya kuyaficha mbele yangu. Alikuwa hajajua bado kwamba ninaona.

"Mwaitu," nikamwambia, "unalia."

Mama wa vitunguu alikuwa ameamka. "Huyo?" akasema kutoka kitandani kwake. "Huyo si hulia hivyo kila siku akikuja. Anakugombeza akilia, anakulisha akilia. Mimi nilidhani unajua."

Mama mkwe aliinua pembe ya leso, akaiteremsha tena bila kuitumia. Tulitazamana. Sikumbuki kama tuliwahi kutazamana hivyo kabla ya hapo, bila mmoja wetu kutafuta mshono uliopinda.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona."

"Basi mwite wewe."

Kwetu mke hamwiti mama mkwe kwa jina. Atamwita mwaitu, atamwita mama wa fulani, atazunguka mlima mzima asilitaje. Tangu niolewe sikuwa nimelitamka jina lile hata nikiwa peke yangu jikoni na hasira zangu. Nilimwinua mtoto mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, nikalisema, taratibu, lote.

Mtoto hakushtuka. Aliyeitika ni mama mkwe.

"Ii, mwana wakwa," alisema, na safari hii sauti yake ilikatika katikati.